NENO CHUPA NA KAZI ZAKE SHAMBANI

Neno la mwezi huu ni chupa. Twasema chupa hii, chupa hizi. Ikiwa ndogo ni kichupa, na ikiwa kubwa sana ni dupa, ingawa dupa siku hizi halisikiki sana. Si lazima iwe ya kioo. Ile ya kuwekea chai isipoe ni chupa pia, na mgonjwa aliyetiwa maji mshipani husema ametiwa chupa mbili. Kuchupa, yaani kuruka, ni neno jingine kabisa.

Zizini neno hili lina maana ambayo yampasa kila mfugaji kuijua. Ng'ombe anapozaa, ule mfuko wa maji unaomtangulia ndama huitwa chupa. Chupa ikipasuka, tazama saa. Akisukuma kwa muda wa saa moja na miguu ya ndama haijaonekana, mwite daktari wa mifugo, usingoje kesho.

Chupa ni kipimo vilevile, na hapa ndipo penye matata. Jirani hukuambia, "Tia chupa moja ya dawa katika pipa la maji." Chupa ipi? Ile ya soda iliyozoeleka huchukua mililita 300, ya bia mililita 500. Dawa ya kuogeshea ikipungua, kupe hawafi; ikizidi, ng'ombe hudhurika. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya dawa, kisha upime kwa kikombe chenye alama za mililita.

Wengi humnywesha ng'ombe dawa kwa chupa. Chagua ya plastiki yenye shingo ndefu, kwa maana ya kioo huvunjwa na magego. Iingize pembeni mwa mdomo, usimvute ulimi, wala usiinue kichwa hata pua ikapita usawa wa macho. Akikohoa, mwachie kichwa mara moja, ama sivyo dawa itaingia mapafuni.

Lakini chupa ya kuogopwa kuliko zote ni ile ya soda iliyotiwa dawa ya kupe ikawekwa dirishani. Baadhi ya dawa hizo zikichanganywa na maji huwa nyeupe kama maziwa, na mtoto hajui kusoma. Dawa ikae katika chupa yake yenyewe, ndani ya sanduku lenye kufuli. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa ya dawa uichukue pamoja naye, ili daktari ajue ni sumu gani.