Lugha katika Shule ya Chekechea: Mtoto Hutarajiwa Kujua Nini Kabla ya Gredi ya Kwanza?

Utangulizi

Mnamo 1837 Mjerumani Friedrich Froebel alianzisha taasisi ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mnamo 1840 akaipa jina lenye maana ya 'bustani ya watoto'. Jina hilo limebeba falsafa yake: mtoto hukuzwa kama mche, kwa kuandaliwa udongo unaomfaa, wala havutwi majani ili arefuke upesi. Nchini Kenya taasisi ya namna hiyo huitwa shule ya chekechea, au nasari katika mazungumzo ya kila siku. Je, mtoto anayetoka humo hutarajiwa kuwa amejifunza nini? Kwa wazazi wengi jibu ni moja tu: ajue kusoma na kuandika, tena kwa Kiingereza. Makala haya yananuia kubainisha kwamba jibu hilo hupindua mpangilio wa mambo. Msingi wa chekechea ni lugha inayosikika na kusemwa, na stadi nyingine zote hujengwa juu yake.

Matarajio ya Mtaala

Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, elimu ya chekechea huchukua miaka miwili na huwalenga watoto wa miaka 4 na 5. Yanayofunzwa huitwa shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu na za dini. Lugha inayokusudiwa kutumiwa ni ile ya eneo la shule. Msimamo huu si mgeni, kwani ripoti ya Gachathi ya 1976 ilikuwa imependekeza vivyo hivyo kwa madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi.

Katika shughuli za lugha, kusikiliza na kuzungumza hutangulia. Kusoma huanza kwa maandalizi: kushika kitabu vyema, kufungua kurasa, kufuata maandishi kutoka kushoto kwenda kulia, kutofautisha maumbo na kutambua herufi. Kuandika nako huanza kwa kuvizoeza vidole, yaani kufinyanga, kuchora mistari na kufuatisha ruwaza. Mtoto wa miaka minne hatarajiwi kunakili sentensi ubaoni.

Hata hivyo, utekelezaji mara nyingi huenda kinyume. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 huzikataza shule za umma kumtahini mtoto ili kumsajili, isipokuwa pale ambapo jaribio ni la kumweka katika kiwango kinachomfaa. Lakini hofu ya usaili wa kuingia Gredi ya Kwanza, hasa katika shule za binafsi, huwasukuma walimu na wazazi kuharakisha maandishi. Kinachopotea katika haraka hiyo hakionekani daftarini, kwa sababu ni cha sikio na ulimi.

Kusikiliza na Kuzungumza

Kabla ya kuisoma sauti, sharti mtoto aweze kuitenga na nyingine. Hapa lugha ya nyumbani ina athari kubwa. Gĩkũyũ, kwa mfano, haina sauti /l/ kama ilivyo katika Kiswahili. Hivyo mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo huenda asitofautishe 'kalamu' na 'karamu', au 'kula' na 'kura'. Akiandikishwa maneno haya mapema, atakuwa anakariri maumbo ambayo kwake ni sauti moja. Dawa yake ni mchezo: mwalimu ataje maneno mawili, na watoto wasimame wayasikiapo kuwa tofauti.

Vitendawili, hadithi na nyimbo za mduara hufanya kazi hiyohiyo. Mtoto anayejibu 'tega' amekwisha kujifunza kungoja zamu yake, kusikiliza hadi mwisho na kuhusisha maelezo na kitu kisichotajwa. Hizo ndizo stadi ambazo baadaye huitwa ufahamu. Kwa hiyo fasihi simulizi katika chekechea haipaswi kuonekana kuwa burudani ya kujazia muda. Ni somo kamili.

Herufi, Sauti na Silabi

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja huandikwa kwa herufi yake. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kwa sababu hiyo, mtoto anayejua 'ba' na 'ta' anaweza kuunda 'baba', 'bata' na 'taa' kwa muda mfupi. Baadaye huongezewa sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, kama 'ch', 'sh', 'ny' na 'ng'', pamoja na silabi isiyo na irabu, kama 'm' katika 'mtu'.

Tatizo huzuka pale ambapo mtoto huyo hufunzwa kwanza majina ya herufi za Kiingereza. Herufi 'a' huitwa 'ei', na 'i' huitwa 'ai'. Linalotatiza zaidi ni kwamba 'e' huitwa kwa jina linalokaribiana na sauti ya 'i' ya Kiswahili. Mtoto akiambiwa asome 'baba' kwa majina hayo, atatamka 'bii-ei-bii-ei', na neno alilolijua tangu utotoni litamponyoka. Kosa hapa si la akili yake. Ni la mifumo miwili iliyochanganywa kabla mmoja haujakomaa. Kuanza na sauti, kisha silabi, kisha neno, katika lugha anayoielewa, humwepusha na mkanganyiko huo. Kiingereza kitakuja baadaye na kumkuta tayari anajua kusoma ni nini.

Kuhesabu kwa Kiswahili

Hisabati pia haiepuki lugha. Kukariri 'moja, mbili, tatu' ni jambo jepesi. Kuhesabu vitu ni jambo jingine. Mtoto husema 'watoto wawili', 'viti viwili', 'miti miwili', 'mayai mawili' na 'ndizi mbili'. Idadi ni ileile, umbo la neno hubadilika kufuata ngeli. Afikapo 'sita', 'saba' na 'tisa', maneno yenye asili ya Kiarabu, upatanisho huo hukoma, kisha hurejea katika 'nane': 'viti saba', 'viti vinane', 'viti tisa'. Mtoto anayehesabu vifuniko vya chupa, mbegu na wenzake darasani hujifunza sarufi na hesabu kwa pamoja, bila kutajiwa neno 'ngeli'. Aliyekariri namba ukutani hukosa yote mawili.

Hitimisho

Wahenga walisema 'samaki mkunje angali mbichi'. Methali hii hutumiwa sana kutetea haraka ya kumsomesha mtoto, ilhali haisemi samaki avunjwe. Yaliyojadiliwa yanaonyesha kwamba mtoto wa chekechea hutarajiwa kutofautisha sauti, kusimulia, kuuliza, kutii zamu, kutambua herufi kwa sauti zake na kuhesabu vitu anavyovigusa. Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea. Ni wajibu wao kuwapa walimu hadithi, vitendawili na vitabu vya picha katika lugha za maeneo yao. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana deni. Fonolojia na mofolojia zinazosomwa chuoni ndizo zinazohitajika katika darasa hilo dogo, na bado hazijafikishwa huko kwa ukamilifu.