Lengo la Sukari: Isipande Mno, Isishuke Ovyo

Lengo la sukari ni kiwango ambacho mwenye kisukari na mhudumu wake wa kliniki wamekubaliana kukifuata. Kwa watu wazima wengi, sukari kabla ya kula iwe kati ya milimoli 4.4 na 7.2 kwa lita, na saa mbili baada ya kuanza kula iwe chini ya 10. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa takribani miezi mitatu, iwe chini ya asilimia 7. Wajawazito huwekewa malengo makali zaidi, wazee wenye maradhi mengi hulegezewa. Mwenye selimundu asitegemee HbA1c, kwani chembe zake nyekundu hufa mapema na jibu huweza kutoka dogo kuliko hali halisi.

Lengo si mashindano ya namba ndogo. Onyo hili hutolewa kliniki kila mara, na bado wapo wanaojiongezea dozi kwa sababu jirani amefika 5. Mwaka 2008, watafiti wa jaribio la kisukari la ACCORD huko Marekani na Kanada walisitisha matibabu ya kushusha HbA1c chini ya asilimia 6 baada ya vifo kuzidi katika kundi lililopewa matibabu hayo.

Sukari chini ya 3.9 imeshuka mno. Walio hatarini zaidi ni watumiaji wa insulini na vidonge kama glibenklamidi, hasa wakiruka mlo. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ndizo dalili; aliyeugua miaka mingi huweza asizihisi kabisa. Dawa ya sukari iliyoshuka ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha kupima tena baada ya dakika 15, na kurudia ikiwa bado iko chini. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Aliyezimia asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Onyo la sukari kushuka mno lina uzito zaidi mwezi wa Ramadhani. Mfungaji akikuta sukari iko chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imekaribia. Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi saumu, kwa kauli ya wanazuoni wengi.

HbA1c hupimwa angalau mara mbili kwa mwaka kwa aliyefikia lengo, na kila miezi mitatu kwa ambaye hajalifikia au aliyebadilishiwa dawa.