Kifurushi Hiki Kimefungwa na Nani?

Kwetu neno "kifurushi" limeshatekwa na kampuni za simu. Ukilitamka barabarani, mtu anafikiria MB na muda wa kuisha. Watumiaji wa Debian, Ubuntu na ndugu zao wengine wa Linux tuna vifurushi vyetu, navyo huletwa na APT. Mwezi huu najibu maswali ya wanafunzi na mafundi wanaoitumia kila siku bila kujua upande wa pili wa waya kuna nani.

Naandika `sudo apt install`, programu inakuja. Kuna nini hapo katikati?

Kuna wawili, na watu huwachanganya. Wa kwanza ni dpkg, ambaye ni hamali. Mkabidhi kifurushi mkononi, atakifungua, ataweka kila faili mahali pake na kuandika daftarini. Kama kifurushi hicho kinahitaji kingine ambacho hakipo, atalalamika na kukaa chini. Hajui sokoni ni wapi. Wa pili ni APT, na huyu ndiye wakala: anayo orodha ya vyote vilivyopo, anaona kwamba A haiendi bila B, na B inataka C isiyo ya toleo la zamani, anavifuata vyote, kisha anamwambia hamali aanze na kipi.

Hamali alitangulia. Debian ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Jina ni lake na la mchumba wake Debra, yakiunganishwa. APT ilikuja 1998, baada ya miaka ya watu kuhangaika na chombo kilichoitwa dselect, na mwaka uliofuata ikaingia katika Debian 2.1. Mradi ulianza kwa jina la Deity, yaani mungu. Jina likaachwa ili kutowaudhi watu wa dini. Walifanya vyema, sioni fundi wa Zanzibar akimweleza mteja kwamba ngoja kwanza nimwamrishe mungu alete kichapishi.

Mbona `apt update` haibadilishi programu hata moja?

Kwa sababu inaleta orodha tu. Ni kama kupiga simu dukani kuuliza bei za leo. Kununua ni `apt upgrade`.

Ni nani hasa wanaofunga vifurushi hivi?

Mara nyingi si aliyeandika programu. Hilo huwashangaza wengi. Mwandishi anatoa msimbo wake na kuendelea na mambo yake. Mtu mwingine, anayeitwa mtunzaji, anauchukua, anaujenga, anaandika unategemea nini, na anarekebisha pale usipokaa vizuri na vingine. Toleo la 13 la Debian, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi zaidi ya 69,000. Wanachama kamili wa Debian ni kama elfu moja, pamoja na wasaidizi wengi wasio na uanachama. Debian haijawaajiri. Wapo wanaolipwa na kampuni zao kufanya kazi hii, na wengine huifanya usiku watoto wakishalala.

Andika `apt show` na jina la kifurushi, utaona jina la mtunzaji na anwani yake. Mimi hupenda mstari huo kuliko yote. Mtunzaji akichoka au akitoweka, kifurushi hutangazwa kuwa yatima, neno hilohilo hasa, mpaka apatikane wa kukilea.

Kikishafungwa, hakiendi moja kwa moja kwenye seva yako. Kinaanzia uwanja uitwao Sid. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, kwa kuwa Bruce Perens, mmoja wa viongozi wa mwanzo, alikuwa akifanya kazi Pixar. Sid ni yule mtoto anayevunjavunja wanasesere. Kwa kawaida kifurushi hukaa huko siku tano. Kisipoonyesha ubovu mkubwa, hupanda ngazi ya majaribio, na kila baada ya miaka kama miwili ngazi hiyo hufungwa, husafishwa, na kutolewa kama toleo imara. Ndiyo maana vijana hulalamika kwamba programu za Debian ni za zamani. Ni kweli, ni za zamani. Mimi kwenye seva inayolipa mishahara nataka hizohizo.

Kama mlango uko wazi hivyo, mwizi hawezi kuingia?

Aliingia. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayechangia hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akifanya majaribio kwenye Sid. Akagundua kwamba kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na kula nguvu za kompyuta kuliko kawaida. Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alichimba, akakuta xz, programu ndogo ya kubana faili, imepandikizwa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupandikiza, kwa jina la Jia Tan, alikuwa amechangia kwa miaka zaidi ya miwili, kwa adabu, mpaka akaaminiwa. Toleo imara la Debian halikuguswa, kwa sababu mzigo ulikuwa umefika ngazi ya majaribio tu, haujapanda hadi huko.

Lakini nisiwasifie sana wenzangu. OpenSSH yenyewe haitumii xz kabisa. Debian na baadhi ya wenzake ndio walioongeza kiraka chao ili SSH iwasiliane na systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, na maktaba ya systemd nayo ikawa inaivuta maktaba ya xz. Njia aliyopita mwizi ilichongwa na wafungaji.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL katika Debian alizima mistari ya msimbo kwa sababu chombo cha kukagua kumbukumbu kilikuwa kinailalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta ubahatishaji wa kutengenezea funguo. Kilichobaki ni namba ya mchakato tu, kwa hiyo kwa kila aina ya ufunguo kulikuwa na uwezekano wa funguo 32,768, ambazo kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote. Luciano Bello aliligundua hilo, likatangazwa Mei 2008, na walimwengu wakakesha wakibadilisha funguo, Ubuntu wakiwamo. Kwa takriban miaka miwili hakuna aliyeona, ingawa kila mstari ulikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Uwazi unaruhusu ukaguzi. Haumlazimishi mtu kukagua.

Anwani za seva za Debian nyingi zinaanza na `http`, bila `s`. Si hatari?

Siyo kama unavyodhani. Kila faili ina alama ya vidole, orodha ya alama hizo nayo ina alama yake, na faili ya juu kabisa imetiwa saini kwa ufunguo wa Debian. Seva ya njiani ikibadilisha hata herufi moja, hesabu hazilingani na APT inakataa. Anayesikiliza njiani anaweza kuona unapakua nini, hilo ndilo limebaki. Hatari kubwa ni wewe mwenyewe kunakili amri kutoka mahali usipopajua na kuongeza hazina ya vifurushi ya mtu baki. Ukishaukubali ufunguo wake, programu zake zinaingia na mamlaka yote ya mfumo.

Na soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kubonyeza Y. Zamani niliwahi kuondoa python3 kwenye Ubuntu ili "nisafishe" mashine. Iliondoka na nusu ya meza ya kazi. Orodha ilikuwa imejaa skrini mbele ya macho yangu.

Maabara yetu ina kompyuta 30 na bando ni dogo. Tufanyeje?

Weka apt-cacher-ng kwenye mashine moja na uzielekeze nyingine kwake. Ya kwanza ikiomba kifurushi, kinapakuliwa na kuhifadhiwa. Zile 29 zinakipata ndani ya jengo. Kazi ya nusu saa, na mwalimu mkuu hatakuuliza tena bando la shule linakwenda wapi.

Mtu wa Kisumu au Dodoma anaweza kuwa mtunzaji?

Anaweza, na hahitaji ruhusa kuanza: ripoti kasoro, tafsiri, chukua yatima mmoja, umtafute mwanachama akukagulie kifurushi na kukipandisha kwa niaba yako. Uanachama kamili ndio wenye kikwazo cha ajabu. Ufunguo wako unatakiwa kutiwa saini na wanachama wawili, na utaratibu wa kawaida ni kukutana ana kwa ana na kuonyesha kitambulisho. Berlin hilo ni jambo la jioni moja. Kwetu linaweza kuwa tiketi ya ndege. Mkutano wa mwaka, DebConf, ulifika Afrika kwa mara ya kwanza 2016, Cape Town. Mradi unaochagua kiongozi wake kila mwaka kwa kura una uwezo wa kutafuta njia nafuu zaidi; nadhani mbinyo lazima utoke kwetu.

Nimeona APT inajisifu kuwa na nguvu za ng'ombe. Ni nini?

Andika `apt moo`. Atatokea ng'ombe wa herufi akuulize kama leo umeshalia mooo. Ukienda kwa `aptitude`, binamu yake, na `moo` hiyohiyo, atakuambia hakuna mzaha wowote humu. Usimwamini. Rudia ukimwongezea `-v`, kisha `-vv`, uendelee hivyo mpaka akate tamaa.