Kutoka Misugusugu hadi Kilele cha Uhuru

*Daktari, mimi ni kijana wa Misugusugu, Kibaha. Tunataka kupanda Kilimanjaro tuchangishe fedha za afya ya akili ya vijana, kama safari ya hisani ya Kili Challenge inavyochangia vita dhidi ya UKIMWI. Sijawahi kupanda mlima, naogopa. Msomaji, Pwani*

Mwanangu, hofu yako ina msingi. Uhuru ni mita 5,895. Kila pumzi huko inakupa karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea Pwani. Mwili huzoea, ila unataka siku. Anayezidiwa mara nyingi si mnyonge, ni mwenye haraka, na vijana wenye nguvu ndio hasa hukimbia. Chagueni safari ya siku sita au zaidi. Mkipita njia ya Marangu, laleni kambi ya Horombo usiku mbili. Anzeni mazoezi sasa kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, mizigo mgongoni. Pimeni presha na moyo, Hospitali ya Tumbi si mbali.

Mwenzenu anayetumia dawa za sonona asiziache ili apande. Amwone daktari wake kwanza. Dawa za usingizi ni hatari kule, hudhoofisha upumuaji.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu, usipande zaidi. Ukiyumba kama mlevi, au pumzi ikikukatika hali umekaa, mwambie mwongozaji mshuke saa hiyo hiyo, hata usiku. Wachangiaji wataelewa.