Kung'ang'ania na Kuachilia: Funzo la Al-Inkishafi

Al-Inkishafi ni utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa ukoo wa masharifu wa visiwa vya Lamu, na hukadiriwa kuwa ulitungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Miongoni mwa matoleo yake ni lile la William Hichens la mwaka wa 1939. Aghalabu wanafunzi huufupisha kwa maneno matatu: dunia haina thamani. Makala haya yanashikilia kwamba muhtasari huo haumtendei haki mshairi. Anachokihoji si thamani ya vitu, bali usalama ambao binadamu hudhani umo ndani yake.

Tuanze na tamathali. Dunia inafananishwa na kisima kinacholindwa na ndama mwenye pembe. Anayekikaribia hupigwa na wala hanywi. Inafananishwa pia na vumbi lionekanalo katika mwali wa mwanga, ambalo mtu akilishika haoni kitu mkononi, na mazigazi yanayomkimbiza mwenye kiu hadi kwenye joto tupu. Katika picha zote tatu, mhusika anatenda: anasogea, anashika, anakimbia. Kosa, basi, limo katika kushika.

Baada ya tamathali unafuata ushahidi, nao unazidi kumkaribia msikilizaji. Kwanza anatajwa Nabii Suleimani, aliyetawala watu na majini, lakini dunia ikamponyoka. Kisha yanaletwa majumba ya Pate, mji uliotajirishwa na biashara ya bahari: popo wananing'inia ndani yake, na zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya kaure zimekuwa viota vya ndege. Mwisho mshairi anauliza waliko watu anaowataja kwa majina, akiwemo Ali bin Nasir. Mfalme wa zamani angeweza kupuuzwa. Jamaa na jirani hawapuuziki.

Hata hivyo, mshairi hayadharau majumba hayo. Anazieleza taa zilizougeuza usiku kuwa mchana na malazi ya fahari kwa jicho la mtu anayeujua uzuri wake. Lau vitu hivyo vingekuwa takataka, kuviachilia kusingekuwa na uzito wowote. Ndiyo maana anayeonywa katika utenzi huu ni moyo wa mshairi mwenyewe, wala si matajiri wa Pate, ambao wamekwisha kufa.

Ni kweli kwamba kwa Sayyid Abdalla tegemeo la hakika ni Mungu, na utenzi unaishia kwenye maonyo ya Jahanamu. Lakini swali lake linamfikia kila msomaji, awe anategemea shamba, cheo au shahada: je, kitu hiki kinatumika, au kinaabudiwa kama ngome? Kuachilia, kwa mujibu wa Al-Inkishafi, hakuanzi kwa kutupa mali. Huanza moyo unapoacha kuidai mali ahadi ambayo haikuwahi kuitoa.