Riwaya si ushahidi wa kesi

*Nalea kikundi cha vijana wa kanisa hapa Liuli. Tumemaliza Kusadikika, sasa tunasoma Ziraili na Zirani. Mzee wa kanisa anasema nawalisha vijana uongo. Papo hapo kijana wetu mmoja ameshika kijitabu cha "ushuhuda wa kuzimu", anadai kinamweleza baba yake mdogo, mvuvi ambaye hupata usipa wengi kuliko wenzake, kuwa ni mchawi. Nikivunje kikundi? — Mlezi, Liuli*

Usikivunje, dada. Mzee na kijana wanaonekana kupingana, kumbe wote wawili wanauliza swali moja tu: je, haya yalitokea? Mzee anaona hayakutokea, anakitupa kitabu. Kijana anaamini yalitokea, anamhukumu baba yake mdogo. Swali la kutangulia ni jingine: mwandishi anakutaka uamini nini? Shaaban Robert, katika kitabu kilichotoka 1951 wakati Mwingereza bado anatawala, aliiweka nchi ya Kusadikika angani, ambako hakuna wa kwenda kuitafuta. Wajumbe sita wanatumwa mbali, wanarudi na mema ya kuifaa nchi yao, wanatiwa gerezani. Hakuna anayekutaka uamini kwamba Karama, mshtakiwa anayesimulia habari zao, alijitetea siku fulani mbele ya mfalme fulani. Unatakiwa uutambue udhalimu, basi.

Mzee atasema mambo ya imani hayachezewi kwa hadithi. Mwombe afungue 2 Samweli 12. Nathani anamsimulia Daudi habari za maskini mwenye mwanakondoo mmoja, aliyemlea pamoja na watoto wake, mwanakondoo akila chakula chake na kulala kifuani pake, hadi tajiri alipomnyang'anya. Daudi anawaka, anatoa hukumu ya kifo. Maskini yule hakuwapo, lakini dhambi ya Daudi, ya kumtwaa mke wa mtu, ilikuwapo, na kwa maneno ya moja kwa moja huenda asingeisikia. Tena Nathani hakumwacha mfalme akimsaka tajiri mitaani. Alimfumbulia fumbo palepale. Kazi hiyo ndiyo yako wewe mlezi, hasa kwa Ziraili na Zirani, riwaya ya William Mkufya ya 1999, inayoingia hadi ahera kujadili imani na shaka. Hapo nakubaliana na mzee kwa sehemu: kitabu kile ni kizito, kinaweza kumtikisa muumini mchanga, na hakifai kuachiwa vijana wakisome peke yao.

Kijitabu cha kijana kina deni ambalo riwaya haina. Kinachojiita ushuhuda kinadai mambo yametendeka, kwa hiyo kinadaiwa mahali, siku na mashahidi, na hata kikivileta, havimgusi mvuvi wa Liuli ambaye hakutajwa humo. Usipa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Mwenye taa kali, wavu mzima na anayejua maji atawapita wenzake. Utaambiwa kijana ana imani tu, aachwe. Hapana. Katika nchi hii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na maneno kama hayo ndiyo mwanzo wake. Mzee wa kanisa anayeuchukia uongo kiasi hicho ndiye wa kufuatana naye. Nendeni leo nyumbani kwa kijana, mkae na wazazi wake, na baba mdogo awepo, kijana aulizwe mbele yao ni ukurasa gani umemtaja.