Chupa Alihesabu Nani?

Mdogo wangu mwalimu wa Msamvu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Darasa lako lina wanafunzi 70, umewagawa makundi 10, na kundi moja lilifanya kazi mradi kuhusu chupa tupu za maji pale stendi. Siku ya kuwasilisha akasimama kijana mmoja, akamwaga Kiingereza, darasa likapiga makofi, kundi zima likapata 18 kwa 20. Jioni binti wa kundi hilohilo akakufuata akilia. Chupa alihesabu yeye.

Kosa hilo nililifanya mwaka wangu wa pili kazini, na aliyeumia si mimi. Nilimpa alama mtoto mwenye maneno, nikamnyima aliyeshinda juani. Muhula uliofuata yule wa pili hakunyoosha kidole tena kwenye vipindi vyangu. Bado namkumbuka alivyokuwa anakaa.

Tatizo ni kwamba tunasema tunapima kazi, kumbe tunapima sauti. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unataka mtoto aoneshe anachoweza kufanya, na hotuba ya dakika tano peke yake haikuonyeshi hilo. Maswali ndiyo yanayokuonyesha. Angalia maonesho ya Young Scientists Tanzania, yale yaliyoanzishwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry. Wanafunzi wanasimama wawili wawili penye bango lao, majaji wanawafuata palepale na kuwahoji. Bango linaweza kuandikwa na mtu mwingine, lakini majibu lazima yatoke kinywani mwa mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo uliza swali ambalo asiyefika stendi hawezi kulijibu. Mlianza kuhesabu saa ngapi, na kwa nini saa hiyo? Mlikosea wapi? Umeniandikia kwamba binti alikueleza, huku anafuta machozi, kuwa siku ya kwanza walipata chupa chache mno, wakashangaa, kisha wakagundua waokota chupa walikuwa wameshapita alfajiri. Wakarudi siku nyingine mchana, mabasi ya kutoka Dar yanaingia, abiria wananunua maji dirishani. Mdogo wangu, hapo ndipo kazi yenyewe ilipo! Mtoto ametilia shaka namba yake, akatafuta sababu, akarudi kuhesabu upya. Na hayo yote hayakuandikwa popote kwenye bango lao.

Alama 20 zigawe hivi: 10 za kundi, kwa kazi na takwimu zao, na 10 za kila mmoja peke yake, ambazo nyingi ziwe za kujibu swali lake. Swali la nani liwe lipi, amua wewe. Wakichagua wenyewe watamsukuma msemaji mbele tena. Kabla hawajaanza kuwasilisha, kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi kila mwenzake alifanya nini. Usiwaombe wapeane alama, watapeana kwa urafiki. Waombe habari tu. Watu sita wakiandika kwamba fulani ndiye aliyehesabu, huna haja ya kubahatisha.

Kuhusu Kiingereza najua utaratibu wa shule za sekondari, na sikuambii uuvunje. Wawasilishe kwa Kiingereza. Ila mtoto akikwama kwenye swali, mwache aeleze kwa Kiswahili, kisha msaidie kulisema jibu lake tena kwa Kiingereza. Kama somo ni baiolojia, alama ya uelewa ibaki ya uelewa.

Bango usilipe zaidi ya alama mbili. Kuna mtoto ambaye baba yake amemlipia steshenari wachapishe kwa rangi, na kuna aliyechora kwa kalamu ya wino kwenye manila. Ukiacha rangi zikuongoze, unampa alama mzazi.

Muda ndio mgumu, sikufichi. Kipindi cha pamoja ni dakika 80. Makundi 10 kwa siku moja yanakupa dakika nane kila moja, na hapo hujahesabu kuingia na kutoka. Gawanya siku mbili, makundi matano matano, kila kundi dakika 16: tano za kusema, tisa za maswali, zilizobaki za kubadilishana na kujaza alama zako palepale. Usizipeleke nyumbani. Usiku utakumbuka makofi tu.

Na hiyo 18 uliyokwisha kuitoa? Mwite binti kwanza, peke yake, umwambie ulikosea. Halafu liite kundi zima, muulize kila mmoja swali lake, urekebishe alama mbele yao bila kumwaibisha mtu. Yule kijana ana kipaji cha kweli cha kusema, usimzime. Kazi mradi ijayo mpe daftari, aende stendi akahesabu. Binti mpe dakika mbili za kufungua mada, aanze na habari ya wale waokota chupa wa alfajiri.